Sabufa ya Inchi Kumi na Tano

Jumatatu, 3 Machi

Roho haijatulia tangu jana. Mkosaji ni shemeji, kaka wa mke wangu, muuza matairi. Alitualika chakula cha mchana, kumbe katuita tukasikie sabufa yake mpya. Bilauri yangu ilitembea yenyewe mezani. Suruali ilitetemeka nami nimekaa! Akaniuliza mbele ya watu kama spika zangu bado zinalia kama mbu ndani ya kopo. Wakacheka wote. Mke wangu aliwashinda.

Nimeamua. Nami nitakuwa na sabufa.

Tatizo ni moja. Jumamosi mkataba wa nyumba unaisha. Mwenye nyumba anaishi chini yetu, mkunga mstaafu, mtu ambaye hata mluzi hautaki. Na kuna watu watatu wanaoitolea macho nyumba hii. Mke wangu kanionya leo mara mbili, kidole juu: mpaka Jumamosi, nyumba hii isisikike hata ikikohoa. Tumekaa hapa miaka kumi na moja. Urefu wa watoto wetu, mwaka kwa mwaka, umechorwa kwa penseli kwenye fremu ya mlango wa jikoni. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Wasiwasi wote ninao mimi.

Jumanne, 4 Machi

Dukani. Muuzaji wanamwita Profesa, kwa sababu ukimuuliza swali moja anakurudishia matatu. Nataka inchi nane, kumi au kumi na mbili? Boksi lililozibwa au lenye tundu? Nasikiliza muziki au natazama sinema? Nilitikisa kichwa kama mtu anayepima uzito wa mambo. Akanieleza polepole, kama anaongea na mgonjwa: lililozibwa besi yake ni kavu na ina adabu, lenye tundu linanguruma zaidi. Chumba kikiwa kidogo, inchi nane inatosha kabisa. Sebule yako ina ukubwa gani, mzee?

Hapo ndipo nilipoteleza. Mimi ni karani wa ofisi ya upimaji ramani. Miaka ishirini na miwili kazi yangu ni vipimo. Sebule yangu ni mita nne kwa tatu na nusu, naijua kama jina langu. Lakini kando yangu alisimama bwana mmoja wa tai, aliyekuwa ametoka kutaja saba kwa tano bila hata kuinua sauti. Nikajisikia nasema nane kwa sita.

Profesa akanitazama kwa heshima mpya. Basi hivi vyote ni vitoto, akasema. Akaniletea ya inchi kumi na tano, yenye tundu. Nikae nayo mpaka Jumatatu, tusipopatana niirudishe. Ni kubwa kama mashine ya kufulia! Ningeweza kusema ukweli. Lakini ningeanzia wapi?

Jumatano, 5 Machi

Nimechukua likizo ya siku tatu. Mke wangu alipokwenda kufundisha chekechea, nikaifuata sabufa dukani, nikaipandisha ngazi, hatua moja pumzi tatu. Nikaiwasha, kidogo sana. Vijiko vikaanza kusengenyana kwenye droo. Jasho! Huko chini anasikia? Njia ya kujua ilikuwa moja. Nikaiacha ikilia, nikashuka kumwamkia mwenye nyumba.

Hakumaliza hata kuitikia shikamoo yangu. Akaniambia ninyamaze nisikilize. Kuna lori limewashwa mtaani, halizimwi, linamtikisa mpaka meno. Nilisikiliza. Ilikuwa besi safi, sitasema uongo. Nikasema madereva wa siku hizi hawana adabu, ngoja nikamfukuze. Nikapanda, nikazima, nikashuka tena nikihema. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mwanangu, akasema, kumbe jengo hili lina mwanamume!

Sijawahi kusifiwa hivyo. Nilijisikia vibaya kwa dakika nne hivi.

Mchana nimeifunika sabufa kwa kitambaa, nikaweka chombo cha maua juu. Mke wangu aliporudi akauliza ni kitu gani. Nikasema meza ndogo. Mbona kubwa? Nikasema kwa aina yake ni ndogo.

Alhamisi, 6 Machi

Profesa amenielekeza kwa simu namna ya kuitafutia mahali. Unaipandisha sabufa kwenye kiti unachokalia wewe, unaiwasha, kisha wewe unatambaa kando ya kuta. Pale sikio linapopata besi nene na safi, hapo ndipo pake. Nikaiketisha kochini. Nikapiga magoti. Konani, uji mtupu. Chini ya dirisha, hakuna kitu. Nyuma ya pazia... ah! Nyuma ya pazia, asali.

Huko ndiko shemeji alikonikuta, kichwa ndani, makalio nje. Mlango sikuufunga. Akauliza kama nimepoteza sindano au nimeanza utoto upya. Kisha akaiona sabufa imekaa kochini kama mgeni rasmi. Moja tu, shemeji? Wenye masikio siku hizi wanaweka mbili, besi inaenea chumba kizima. Ya kwake ya pili inafika wiki hii. Kabla sijamzuia, akazungusha kitufe mpaka mwisho, eti aijaribu.

Picha ya harusi yetu ikaanguka. Nikaruka kuzima. Chini, mlango ukafunguliwa. Nikashuka. Mwenye nyumba akasema leo lori limeingia mpaka chumbani. Nikasema hata mimi nimeshangaa. Akasema kesho atakaa dirishani, alione kwa macho yake, namba aiandike.

Shemeji ameapa hatamwambia dada yake. Kiapo cha muuza matairi!

Ijumaa, 7 Machi

Nimejiapiza kutoigusa. Nimeigusa. Ilibidi nihakikishe pale nyuma ya pazia, nusu dakika tu. Nikachungulia chini: kichwa cha mwenye nyumba kiko nje ya dirisha lake. Mtaa mtupu, baiskeli moja imeegemea ukuta. Nikawasha. Kichwa kikageuka kulia. Kikageuka kushoto. Kikatazama juu.

Nikazima. Nikalala sakafuni, kana kwamba kulala kunasaidia. Kisha nikasikia kiganja kikipapasa ukuta wa ngazi. Kinasimama. Kinapanda. Kikafika mlangoni kwetu, kikatulia, kikarudi.

Mke wangu kaja na furaha. Kakutana na mwenye nyumba, kaambiwa mkataba utaletwa kesho saa nne, wa miaka miwili. Na kwamba mume wake ni mtu wa kuangaliwa kwa karibu. Yeye kaichukua kama sifa. Kanikumbatia! Nilikaribia kukiri. Nikafua mapazia badala yake.

Jumamosi, 8 Machi

Mwenye nyumba kaja saa nne kamili. Chai ikamiminwa. Akatoa mkataba, akatoa kalamu, halafu akasema kwanza anataka kumsalimia mtu fulani aliyemo humu. Akaingiza mkono mkobani, akatoa kile kipembe cha mbao ambacho wakunga husikilizia moyo wa mtoto tumboni. Akaondoa maua juu ya ile meza yangu ndogo, akakisimika juu ya kitambaa, akainamisha sikio.

Nilikuwa nimeizima. Nilidhani nimeizima. Ilikuwa inavuma kidogo, peke yake.

Yu hai, akasema. Na amekaa vizuri.

Akafunua. Mke wangu alikwenda kusimama kwenye mlango wa jikoni, akaweka kidole kwenye mstari wa chini kabisa, wa mtoto wetu wa kwanza alipokuwa na miaka mitatu. Afadhali angenipigia kelele. Nikasema yote, lori, vipimo, shemeji, kila kitu. Mwenye nyumba akasema miaka thelathini na sita kazini amesikia wanaume wakidanganya nje ya wodi ya wazazi, lakini wa kubuni lori, hapana, huyu ni wa kwanza. Akafuta miaka miwili, akaandika miezi mitatu. Na hiyo ni kwa ajili ya mama huyu, akasema, si yako wewe.

Mke wangu kaniandikisha ahadi: sabufa haitaingia tena nyumbani kwetu. Nikasaini. Mwenye nyumba akawa shahidi.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu bado ananijibu kwa neno moja moja. Miezi mitatu ni siku tisini. Tayari zimebaki themanini na tisa!

Asubuhi nimeshuka kuomba radhi. Mama wa watu kanipokea vizuri, kanipa chai. Tukatazama sinema. Sikusikia neno. Naye haisikii, kaniambia mwenyewe: televisheni yake inanong'ona kama watu waliogombana. Maskini! Mtu aliyesikiliza mioyo maisha yake yote.

Nimempigia Profesa kwamba kesho namrudishia ile kubwa. Kwa mama mtu mzima, anasema, inchi kumi, boksi lililozibwa, besi yenye adabu. Nikamuuliza, kwa kupita tu, kama besi hupanda juu. Akasema hupanda vizuri sana.

Ahadi nimeisoma tena. Inasema nyumbani kwetu. Zawadi ya radhi haikatazwi popote. Yeye atafurahi, mkataba utarefushwa, mke wangu ataongea. Na kochi langu liko sawasawa juu ya televisheni yake. Nani ataumia?

Kesho nashuka na futi kupima sebule yake. Nitasema nakagua unyevu ukutani.