Picha ya Mtaa Unaokufa

Jumatatu, 3 Machi

Nimealikwa kuzungumza. Kongamano la Majengo na Ufufuaji wa Mji, Ijumaa hii, ukumbi mkubwa wa hoteli, viti vilivyovalishwa vitambaa. Mimi si mzungumzaji mkuu. Ni wa pili. Lakini wa pili husikilizwa zaidi, watu wakiwa wameshakunywa chai. Mkuu ni yule mpangaji miji tunayemwita Ramani, kwa kuwa hawezi kukuelekeza msalani bila kuchora.

Mimi ni mthamini wa majengo. Naangalia nyumba ya mtu, nasema thamani yake, kisha nasubiri matusi. Jukwaani ndiko ninakopumua. Mada yangu ni ile ile ya siku zote, "Mtaa Unaokufa", na moyo wake ni slaidi moja. Nyumba ya zamani ya matofali, plasta imebanduka. Nje, kabati limeegemea ukuta, magodoro yamekunjwa, viti vimebebana, masufuria yako chini. Nikiiweka, ukumbi mzima unaguna. Nimeionyesha kwa mabenki, kwa wenye viwanda, hata kwenye harusi ya mhandisi mmoja aliyeniomba niseme machache.

Nyumba ni ya mama mkwe. Picha niliipiga siku tuliyomzika baba mkwe. Vitu vilitolewa nje ili waombolezaji wapate pa kukaa. Nilitoka kupokea simu, nikageuka, nikaona mwanga mzuri ajabu.

Miaka yote hakuna aliyeniuliza ni wapi. Leo nimeulizwa. Kwenye kikao cha maandalizi alikuwepo mwenyekiti wa kampuni ya ujenzi itakayofufua ule mtaa wa zamani. Sisi humwita Mwekezaji. Akaitazama slaidi, akavua miwani, akasema awamu ya kwanza ianzie hapo, maana hapajapata kutokea pabaya kuliko hapo. Kuanza maana yake ni kununua, kulipa fidia na kubomoa. Akaniuliza kama nyumba hiyo imo kwenye mtaa wenyewe. Shingo yangu ina tabia ya kukubali kabla kichwa hakijaarifiwa.

Anataka kuiona keshokutwa.

Jumanne, 4 Machi

Nimepita kwa mama mkwe kana kwamba nilikuwa njiani. Hali ni mbaya: nyumba inapendeza. Amepiga plasta upya kwa kiinua mgongo chake cha ualimu, mlango ameupaka buluu, maua yako kwenye makopo ya maziwa. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema nawaza kazi. Akaniambia kwamba pale ndipo alipozaa watoto wote, na kwamba hatoki hapo ila kwa kubebwa. Hakuwa na habari yoyote ya awamu. Alikuwa anazungumzia tu jirani aliyehamia kwa mwanawe akanyong'onyea.

Basi nimebanwa pande mbili. Mwekezaji akiiona ilivyo sasa, mimi ni mwongo, na jukwaa limeniponyoka. Akiiona mbaya, mama mkwe hana nyumba. Ufumbuzi ukanijia nikiwa bado na kikombe mkononi. Nyumba nyingine!

Mwisho wa mtaa kuna lililokuwa duka la mikate. Halina mwenyewe, paa limeinama. Nikamwendea seremala, nikaazima kabati bovu. Akauliza kama mke wangu amenifukuza. Nikamwambia bado. Nikakodi mkokoteni, nikaleta kabati na godoro moja, nikavipanga mbele ya duka kwa kufuata picha iliyo kwenye simu. Nikarudi kuchukua godoro la pili. Nilipofika, la kwanza lilikuwa limeshapata mwenyewe. Nikalaza la pili chini ya kabati ili lisichukulike kirahisi.

Nimefika nyumbani na vumbi hadi kwenye nyusi. Mke wangu akauliza nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa kwenye utafiti.

Jumatano, 5 Machi

Mwanzo ulikuwa mzuri. Mwekezaji alisimama mbele ya duka la mikate akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Ni mtu mwema, na hilo ndilo linalotia hofu; hubomoa kwa moyo safi. Nikaanza kueleza jinsi mtaa unavyokufa kuanzia paa kushuka.

Ila Ramani alikuja na slaidi yangu ameichapisha kwenye karatasi. Akasema, kwa upole wake ule unaonikera, kwamba kwenye picha kuna madirisha mawili na hapa liko moja. Nikasema moja limezibwa. Akauliza limezibwa na nani, na nyumba haina mtu. Nikasema na wakati. Ramani akaandika.

Kisha akaanza kutembea. Sijui kwa nini wapangaji miji hawawezi kutulia. Akashuka na mtaa, karatasi mkononi, akilinganisha madirisha nyumba kwa nyumba, sisi nyuma yake, mimi nikisema kwamba huko hakuna la maana. Akasimama kwenye mlango wa buluu. Mama mkwe alikuwa anafagia. Akaniona, uso ukamchanua, akaniita mkwe wake kipenzi mbele ya watu wote, akatukaribisha chai.

Tukanywa. Mwekezaji akakaa kwenye kiti cha marehemu bila kujua, akasifu chai, akasifu maua. Ramani akahesabu nondo za dirisha kutoka ndani. Alipomaliza alinitazama, akaniambia sikioni kwamba hatasema lolote, kwa kuwa anataka niseme mwenyewe. Afadhali angenisema.

Mama mkwe akauliza wageni wanatafuta nini. Mwekezaji akamweleza kwamba kuna mkutano Ijumaa kuhusu mtaa huu, na kwamba mkwewe ndiye atakayezungumza. Mama mkwe akauliza kama wakazi wanaruhusiwa. Mwekezaji akaona aibu kwamba hakuna aliyewafikiria wakazi. Akamwalika hapo hapo. Kiti cha mbele.

Nikaungua ulimi.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa kwanza: kuiondoa slaidi. Nimempigia mwandaaji wa kongamano, mama mmoja asiyependa mabadiliko. Akasema slaidi naweza kuifuta nikipenda, ila picha wameipenda mno, wameichapisha kwenye bango la mlangoni. Nikauliza ukubwa. Akasema nitaliona toka barabarani.

Mpango wa pili: kumzuia mama mkwe asije. Nikamwambia mke wangu kwamba mama anaonekana mchovu, labda kesho wangekwenda hospitali kupima presha. Akasema mama ameshapiga pasi gauni lake la kitenge, na amewaambia majirani. Akasema na yeye anakuja. Miaka yote hii hajawahi kunisikia jukwaani, akasema, na aliponitazama nikaona kwamba ana fahari na mimi. Akauliza mada inahusu nini hasa. Nikasema majengo.

Ningemwambia pale. Mlango ulikuwa wazi, nilichotakiwa ni kuingia tu. Badala yake nikaomba chumvi.

Mpango wa tatu: nitasimama mbele ya bango. Mimi ni mtu mpana.

Ijumaa, 7 Machi

Nalala sakafuni sebuleni. Nimejipeleka mwenyewe, sikufukuzwa.

Nilifika kabla ya wote. Bango ni refu kuliko mlango wa nyumba yangu. Nikasimama mbele yake, mikono nimeitandaza kama ninayekaribisha taifa. Watu wakanipa mikono mmoja mmoja, nami nikawa nasogea kushoto na kulia kwa kadiri macho yao yalivyosogea. Mhandisi wa ile harusi akauliza kama mgongo unaniuma. Mama mkwe na mke wangu walipofika nikawakumbatia kwa pamoja na kuwaingiza ndani kinyumenyume, mama mkwe akicheka na kuniuliza nina nini leo. Hawakuliona.

Ramani akazungumza vizuri. Nakiri. Kisha ikawa zamu yangu. Slaidi sikuifuta. Nilikuwa nimepanga kuipita haraka, maana bila hiyo mada yangu ni takwimu na kikohozi. Nikabonyeza, ikaja, nikabonyeza, ikaenda. Nikashusha pumzi. Mwekezaji akanyanyua mkono pale mbele, akaomba irudi, ili ukumbi uone ni wapi tutakapoanzia.

Ikarudi. Ukumbi ukaguna, kama unavyoguna siku zote.

Sikumtazama mama mkwe. Niliitazama meza. Nikasikia kiti kinasogea, nikajua amesimama. Mwongozaji akamletea kipaza sauti. Hakukihitaji, alifundisha darasa la watoto sabini maisha yake yote.

"Hilo kabati ni langu," akasema. "Hawakuwa wametutupa nje. Tulikuwa na msiba. Tulivitoa vitu ili watu wapate kukaa."

Akasogea karibu na pazia la picha, karibu kabisa, hadi mwanga wa projekta ukamwangukia gauni, viti vyake vya zamani vikawa vimechorwa mgongoni mwake. Akagusa kimoja. Akasema hicho ni cha mume wake, ndicho mgeni wetu alichokalia juzi. Akanyoosha kidole mlangoni mwa nyumba, penye giza, ambapo mimi sijawahi kuona kitu katika miaka yote ya kuionyesha picha hiyo. Kuna mkono wa mtu pale, umeshika mwimo wa mlango. Akasema ni wake yeye. Alikuwa anajikaza asianguke.

Kisha akanigeukia.

"Siku ile nilidhani hakuna aliyepiga picha. Sina hata moja. Mkwe wangu, naomba nakala."

Hakukasirika, au kama alikasirika aliniwekea heshima mbele za watu, na hiyo ndiyo sijui niibebeje. Ramani alikuwa ameinamisha kichwa. Mwekezaji alikuwa anafuta miwani isiyo na uchafu. Mwongozaji akatangaza chai, ingawa chai tulikuwa tumeshakunywa.

Tulipomshusha mama kwenye gari, mke wangu akasema bila kunitazama:

"Baba watoto, umeuita msiba wa baba yangu uchafu. Na miaka yote unapigiwa makofi."

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu anazungumza na mimi kupitia watoto. Mwambieni baba yenu chakula kipo. Mwambieni baba yenu aondoe viatu njiani. Mwambieni baba yenu simu inaita.

Ilikuwa ya Mwekezaji. Amesema hakulala. Amesema hawezi kubomoa nyumba ambayo amekunywa chai humo, akiwa amekalia kiti cha marehemu. Awamu ya kwanza itaanzia lile duka la mikate, na nyumba ya mlango wa buluu ameitoa kwenye mchoro kwa mkono wake, itabaki ilipo na mengine yatajengwa kuizunguka. Ameniagiza nimfikishie mama salamu. Akaongeza kwamba duka la mikate lina kabati na godoro mbele yake, na wanaamini kuna familia inayoishi humo, kwa hiyo wanatafuta watu wa kuwalipa fidia. Nikasema nitafuatilia.

Nimechapisha picha. Kubwa, kwenye fremu ya mbao. Mwenye studio akauliza kama aweke maandishi chini. Nikawaza kuhusu jina la ofisi yangu na namba ya simu, kwa herufi ndogo tu. Nikasema hapana. Ilinichukua muda kusema hapana, lakini nilisema.

Jumapili, 9 Machi

Nimempelekea mama mkwe picha yake. Mke wangu alikuja, akakaa kiti cha nyuma cha gari kama abiria wa teksi.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Akaiweka mapajani, akaitazama muda mrefu, akawa anamwonyesha mke wangu vitu kimoja kimoja: sufuria lile alilopewa na dada yake, godoro lile la wajukuu. Wakalia pamoja, kisha wakacheka kidogo juu ya kabati ambalo halikuwahi kufunga. Mimi nilisimama pembeni. Nilipoanza kuomba radhi, mama alinyanyua mkono, akasema nimeshaonekana, inatosha, na kama mwili unaniwasha kutubu basi ukuta wa uani haujapakwa rangi.

Nikavua shati. Nikapaka rangi mchana kutwa. Nilijisikia mwepesi, mtu mpya. Mke wangu aliniletea maji mwenyewe, hakutuma mtoto. Akasema nimeruka sehemu. Ni maneno ya kwanza aliyoniambia moja kwa moja tangu Ijumaa, nami nikayapokea kama shada la maua.

Jioni nilikuwa juu ya ngazi, namalizia chini ya paa. Upande wa pili wa ua, fundi baiskeli, jirani wa mama, akanisalimia. Akaniita shemeji, akanipongeza kwa kazi, akanirushia chungwa. Nikamshukuru. Ndipo nikaona paa lake. Bati lenye kutu ya rangi tatu, mfereji umekatika unaning'inia, na juu kabisa fremu za baiskeli zimerundikana kama mifupa, jua linazama nyuma yake.

Nikamwuliza kama ana mpango wa kulikarabati karibuni. Akasema hela hana. Nikasema pole sana, na niliisema kwa moyo. Kisha nikajifuta rangi mkononi, nikatoa simu mfukoni, na nikateremka kusogeza ngazi kidogo kulia, maana antena ilikuwa inakata kona ya picha.