Mgeni wa Kiume Kitandani kwa Bi Mwana

Leo nimeadhirika, shoga zangu. Tena si kule kuadhirika kwa kuteleza sokoni ukaanguka na kapu lako, watu wakakupa pole yakaisha. Nimeadhirika mbele ya shemeji yangu Makame Vuai, yule yule asiyecheka hata Idi mosi, na nusu ya wanawake wa Kiponda wamekaa uani kwangu wanatazama.

Nakuandikieni nyinyi mlohamia mashamba, wewe Mize binti Haji huko Mkokotoni na wewe Saada binti Ali huko Kizimkazi, kabla habari haijakufikieni imetiwa chumvi. (Hati yangu mnaijua, kuandika nimejifunza ukubwani. Someni polepole.)

Yameanza na paka. Juzi nnatoka sokoni kwa samaki, nikamkuta mtaroni nyuma ya banda la Mussa Kombo. Rangi ya chungwa, sikio limechanika, macho yamegandana kwa tongotongo, mbavu zote nje. Mussa akanambia niachane naye, huyo keshakufa ila hajaambiwa. Nikaondoka. Nikafika kwenye kona. Nikarudi. (Mie ndivyo nlivyo, hata kuku wa kuchinja namwomba radhi.) Nikamfunga kwenye kanga nikenda naye nyumbani.

Nikamwosha macho kwa maji ya chumvi ya vuguvugu. Nikamlaza kitandani kwangu, maana sakafu ina baridi, na tangu Khamis wangu kufariki, mwaka wa pili baada ya Mapinduzi, ule upande wa ukutani uko mtupu. Nikamwita Mgeni. Samaki hataki. Dagaa nimemtafunia mwenyewe, katapika. Alichokubali ni maziwa tu, namtonesha mdomoni kwa kitambaa, na asubuhi ya leo maziwa yakawa yamekwisha.

Basi nikenda kupanga foleni. Mnaijua hali ya maziwa siku hizi. Ikisikika tu yameingia, mtaa mzima ushajipanga mlango wa duka haujafunguliwa. Nlimkuta Zuhura mke wa Shaaban, nlimkuta Mariamu binti Pandu, nlimkuta kila mtu, na mbele kabisa Bi Tatu binti Juma na ulimi wake. Mie wa mwisho. Nikaona leo narudi mikono mitupu na Mgeni wangu anakufa. Nikaguna. Wallahi nliguna tu, kama mtu anayesema peke yake, kwamba na mie nna mgonjwa nyumbani.

Foleni nzima ikageuka. Nani, Bi Mwana? Nikasema Mgeni. Anaumwa nini? Homa, na macho hayafumbuki. Anakula? Hali, akila anatapika, maziwa tu ndiyo yanayokaa, nayo si kila mara. Nitafutieni hapo neno moja la uongo. Lugha yetu wenyewe hii, mtu anaumwa na paka anaumwa, mtu hali na paka hali, sasa kosa langu liko wapi?

Wakanihurumia. Wakanisogeza mbele mmoja baada ya mmoja mpaka nikafika kwa Bi Tatu. Naye akanipisha, lakini ananitazama.

"Huyo mgeni wako mwanamke au mwanamme?"

Na mie mawazo yote yako kwenye kopo la maziwa. "Mwanamme," nikasema. (Ningelisema dume, labda ningeliokoka. Au ingelikuwa mbaya zaidi.)

"Na umemlaza wapi?"

"Kitandani kwangu."

Nikapokea kopo langu la maziwa ya unga, ambalo kumbe ndilo la mwisho, nikenda zangu na furaha yangu. Kule nyuma kimya. Mie nikadhani wanamwonea huruma mgonjwa.

Baada ya adhuhuri nasikia hodi. Ni Bi Rukia, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, kaja kumsomea mgonjwa dua. Nyuma yake Zuhura na bakuli la uji wa pilipili manga, Mariamu na mafuta ya habbasoda, na wengine hawakuchukua kitu ila macho yao. Kumtazama mgonjwa ni sunna, nitamzuia nani? Uani kukajaa. Bi Tatu akachagua kukaa mkabala na pazia la chumba changu.

Nikataka kusema ni paka. Mdomo nnaufungua, nakumbuka lile kopo, naufumba. Mjukuu wake Bi Tatu leo kanywa chai ya rangi kwa sababu yangu. Nikasema mgonjwa kalala, asisumbuliwe. (Hapo ndipo nlipoongeza kina cha shimo.) Bi Rukia akasema hapana neno, atamsomea hapo hapo nje. Akainua mikono, akaanza.

Hajafika popote, akaingia Makame. Kanzu, kofia, bakora. Aliyekwenda kumwita namjua, lakini simtaji, ndugu yake ndiye anayekusomeeni barua.

"Shemeji," akasema, "naambiwa una mgeni."

"Ninaye."

"Wa kiume."

"Wa kiume, ndiyo."

"Kitandani kwa marehemu ndugu yangu."

Nikainama. Shoga zangu, jitieni mahali pangu. Nikinyamaza, basi nimeweka bwana ndani, mjane mzima mwenye wajukuu. Nikisema ni paka, basi nimewapita wenye watoto foleni kwa ajili ya paka. Nikawa nazipima aibu mbili ipi nyepesi. (Nawambia kweli yangu, bwana nlimwona afadhali.)

Makame akalielekea pazia. Akasafisha koo.

"Wewe bwana. Kama u mwanamme kweli, toka nje tuonane."

Akatoka. Wote wamekaza macho juu, pale panapotokea uso wa mtu, na pazia linatikisika chini. Mgeni akaja taratibu, kavaa kipande cha kanga yangu mgongoni, jicho moja limefumbuka, sharubu nyeupe kwa maziwa. Akenda moja kwa moja kwa Makame. Akamnusa. Akatapika juu ya makubadhi yake.

Bi Rukia alisita kidogo tu.

"Dua nshaianza, siikatishi," akasema. "Na huyu naye kiumbe."

Akasoma mpaka mwisho, na sote tukaitikia amin, na Makame kaitikia vilevile, kasimama kwa mguu mmoja. Nikamwoshea makubadhi yake. Akayavaa yamerowa, akatoka bila ya kuaga, ila alipofika mlangoni niliyaona mabega yanamcheza. Kama kalia au kacheka, hilo Mungu ndiye ajuaye.

Akabaki Bi Tatu. Akamtazama paka, akanitazama mie, akalitazama kopo lililokuwa dirishani.

"Maziwa, Bi Mwana," akasema. "Angelikuwa mwanamme tungelikusamehe."

Nikamletea kopo mwenyewe. Akatwaa kikombe changu, akajimiminia nusu kwa ajili ya mjukuu wake, akalifunika, akanirudishia.

"Hii iliyobaki ya bwanako."

Sasa hivi nnavyoandika Mgeni kala uji wa Zuhura wote, pilipili manga na kila kitu, na macho yote mawili yako wazi. Ataishi. Mie sijui. Tangu alasiri kila apitaye kichochoroni ananiuliza bwana hajambo, na mie naitikia hajambo, anakusalimuni.

Msicheke. Na siku mkiwa na paka mgonjwa, semeni paka mwanzo kabisa, kabla hamjaulizwa kalala wapi.