Msiba wa Makopo Kumi na Mawili

Jumanne, 3 Agosti 1993. Kilosa.
Majani yote chini! Makopo kumi na mawili ya oksalisi, lile ua la majani ya zambarau linalojikunja jioni, na leo yote yamelegea kama mlenda uliolala jikoni. Jumamosi natakiwa kuyafikisha Mikumi kwa Bwana Cornel, meneja wa hoteli mpya. Yakimpendeza, kazi ya bustani ni yangu. Yasipompendeza, mke wangu Yudith ameshatamka: naenda Lumuma kulima vitunguu chini ya kaka yake, Herman. Mimi! Mtu niliyepunguzwa kazini na Serikali yenyewe!

Mzungu wa mradi aliyeniachia mbegu alisema ua hili lina msimu wa kulala. Likinyauka, liache kavu kivulini, litaamka lenyewe. Nilimwitikia kwa adabu. Siku hizi ni soko huria, hakuna kulala. Nimemwagilia mara tatu.

Alhamisi, 5 Agosti.
Nimeongeza maji, na mbolea ya kuku. Sasa yananuka pia. Yudith kauliza anifungie begi lipi.

Lakini akili ni mali. Nimemtuma kondakta wa basi la Mikumi amwambie Bwana Cornel kwamba nimefiwa, anisogezee siku. Si uongo. Sikusema nimefiwa na nani.

Jumamosi, 7 Agosti.
Kondakta ana mdomo! Asubuhi uani kumejaa watu. Wanawake na kuni zao, na unga. Mama Scholastica alianza kulia tangu barabarani. Katekista Vitalis akauliza, kwa upole, mwili uko wapi. Nikaonyesha makopo. Wanawake wakaanza kuokota tena kuni zao, kwa hasira.

Aliyeniokoa, kama kule ni kuokolewa, ni jirani yangu Maganga, Msukuma wa ng'ombe, mtani wangu. Alijitupa juu ya makopo akilia kwamba marehemu wameuawa na harufu ya miguu yangu. Watu wakacheka, hasira zikayeyuka. Kisha akajilaza palepale na kugoma kuinuka mpaka apewe fungu lake, maana ndiyo haki ya mtani msibani. Alitaka makopo ya kuwekea chumvi ya ng'ombe. Nikampa yote, na udongo wake, mbele ya katekista. Moyoni nilifurahi sana. Mjinga kabeba maiti kumi na mbili!

Jumatatu, 6 Septemba.
Siandiki kwa hasira. Naandika kwa hasira kubwa. Kumbe Maganga aliyabwaga makopo nyuma ya zizi, kivulini, akayasahau. Hakuyapa tone la maji. Na yamechipua! Zambarau tupu, na vimaua juu.

Nilikwenda kuyadai. Nikamweleza kwamba marehemu wamefufuka, kwa hiyo urithi unarudi kwa mwenyewe. Akasema hana kinyongo, ila nimrudishie kwanza machozi yake. Nikasema nitamlilia hata sasa hivi. Akakataa, anayataka yaleyale. Na mtani hakasirikiwi! Nani aliyetunga sheria hii?

Jioni habari zimefika. Maganga kayapeleka Mikumi, na Bwana Cornel kampa kazi ya bustani. Nilikuta begi mlangoni.

Jumapili, 26 Septemba. Lumuma.
Shemeji Herman ni mkulima wa ajabu. Vitunguu shamba zima vimelaza majani, yamekauka kabisa, na mwenyewe wala hashtuki! Kaziba mfereji, hataki hata unyevu, eti vikauke vizuri, kesho tunavuna. Nilijaribu kumshauri. Akaniomba nikae mbali na mfereji.

Leo wote wamekwenda ibadani, nimebaki mlinzi. Nimeyatazama yale majani, moyo ukaniuma. Kosa langu la Kilosa sasa nalijua: nilikata tamaa mapema. Maji yalikuwa machache. Maganga alivuna tu nilichomwagilia mimi.

Basi nimefungua mfereji. Wote. Maji yametanda shamba zima mpaka kwenye vifundo vya miguu, na naapa majani kadhaa yametikisika.

Nawasikia wanarudi wakiimba. Nimebadilisha shati, si vizuri mtu kushukuriwa akiwa na matope.