Mabano Kwenye Aya ya Maji

Jumatatu, 3 Machi

Mkurugenzi ametangaza. Ujumbe wetu kwenye mazungumzo ya visiwa vidogo kuhusu maendeleo endelevu umebakiza nafasi moja. Moja tu! Wenye sifa ni wawili: mimi, na Mwanasheria anayekaa meza inayotazamana na yangu. Yeye ameandika aya ya maji: bahari imeingia visimani, nchi kubwa zitusaidie kupata maji ya kunywa. Idara nzima inaisifu. Mimi nimeandika aya ya utalii. Sijaona aliyeifungua.

Nyumbani nimetangaza kwamba nasafiri. Mke wangu akafurahi. Mama mkwe, ambaye anaishi kwetu tangu kisima chake kiingiwe na chumvi, akauliza kama nimeambiwa au nimejiambia. Nikakohoa. Mkwe hajibizwi.

Jumanne, 4 Machi

Wazo!

Keshokutwa wanakuja wajumbe wa visiwa jirani, tuisuke rasimu moja, ili huko mbele tuseme kwa sauti moja. Sasa, katika kazi hii, maneno yasiyokubaliwa hutiwa kwenye mabano. Aya ikishatiwa mabano ni kama bwana harusi aliyenong'onwa vibaya: hata akiwa hana kosa, watu wanaanza kumtazama viatu.

Katibu muhtasi kaniomba nisahihishe tahajia ya rasimu kabla haijachapwa. Nimesahihisha. Na aya ya maji nimeitia mabano. Moja mwanzo, moja mwisho. Nani kafa? Mkurugenzi ataona kazi ya Mwanasheria ina utata, yangu imenyooka. Hesabu imekwisha.

Jumatano, 5 Machi

Mwanasheria kaniletea chai mezani. Kaniuliza kama pasipoti yangu bado ni hai. Nikamjibu kwa mkato kwamba ni hai, alhamdulillahi. Anapima nguvu zangu huyu! Chai nimeinywa, lakini kwa tahadhari.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya.

Ukumbi ulijaa, viyoyozi vinapiga kelele kuliko wajumbe. Tulipofika kwenye aya ya maji, kiongozi wa ujumbe wa jirani zetu, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba, akaomba kuuliza. Je, wenyeji wanapinga maji ya kunywa?

Mkurugenzi akaangalia karatasi yake. Akaangalia ya jirani yake. Mabano yamekaa pale kama mageti mawili.

Mjumbe mwingine akasema, kwa upole kabisa, kwamba kama wenyewe wana shaka na aya yao basi ifutwe, mahali pake iwekwe aya ya wavuvi. Wenzake watatu wakatikisa vichwa kukubali. Mwenyekiti akashika kalamu.

Hapo jasho lilinitoka hadi soksini. Akilini nilimwona mama mkwe, kule nyumbani, akinywa maji ya ndoo kwa kukunja uso. Nikasimama. Nikasema mabano ni kosa la uchapaji. Mkurugenzi akauliza, kosa la nani?

Nikasema, "La kompyuta, Mama."

Ukumbi ukacheka. Mkurugenzi hakucheka. Katibu muhtasi, aliyekuwa mlangoni na birika, alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau.

Mwanasheria ndiye aliyeokoa jahazi. Alisimama na kuanza kueleza: hospitali ya wilaya inayochemsha maji ya chumvi, watoto wenye vipele, kaya zilizohama. Alieleza mpaka sauti ikakauka na akalazimika kuomba, eti, maji. Yule mama wa miwani akasema aya ibaki, mabano yatoke. Yakatoka. Mwenyekiti aliweka kalamu chini. Mimi niliweka kichwa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeitwa. Katibu muhtasi alikwishasema kila kitu, na rasimu yenye mwandiko wangu ilikuwa mezani.

Mkurugenzi hakunifokea. Afadhali angefoka. Aliniambia kwamba Mwanasheria hakuwahi kuitaka nafasi ile. Mkewe anakaribia kujifungua. Tena tangu Jumatatu alikuwa akimwomba yeye Mkurugenzi anipeleke mimi, kwamba natia bidii ila nahitaji kuaminiwa. Ilikuwa itangazwe leo asubuhi. Jina langu!

Sasa anakwenda Mhandisi wa Maji.

Nilirudi mezani. Mwanasheria akanisogezea chai nyingine. Akasema, "Yamepita, ndugu yangu." Nilikunywa yote.

Nyumbani nilisema safari imeahirishwa. Mama mkwe akauliza imeahirishwa kwa wote au kwangu. Kisha akauliza kuhusu maji. Nikamwambia yamebaki kwenye rasimu. Akanipakulia mwenyewe, minofu mikubwa.

Jumatatu, 10 Machi

Wiki mpya, moyo mpya.

Asubuhi Mkurugenzi aliuliza ni nani anajua Kifaransa. Ujumbe unahitaji mtu wa kuzungumza na visiwa vinavyotumia lugha hiyo, na tiketi moja zaidi imepatikana. Afisa Itifaki, aliyesomea Ufaransa miaka minne, alikuwa bado anafunga kalamu yake. Mkono wangu ulikuwa juu zamani. Nikaongeza, kwa nia njema tu, kwamba Kifaransa cha Afisa Itifaki ni cha kizamani na huenda kikaudhi watu.

Mkurugenzi alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani alivutiwa.

Salamu nimekwishaijua, ile ya asubuhi. Ya jioni najifunza kesho. Katikati hapo nitatabasamu.