Hamira ya Njaa

Jumatatu, 7 Oktoba 1996

Siku kubwa! Jumamosi Dakta Stefania anakuja Lindi kutoka chuo kikuu, Dar, kuchagua mwalimu mmoja wa sayansi. Atakayechaguliwa ataingia kwenye maabara yake kwa miaka miwili, kuchunguza jeni za hamira. Shule yetu ina walimu wawili wa sayansi: mimi Sipriani, baiolojia, na Nikodemo, kemia, mwenye kalamu nne mfukoni na bado anaazima yangu. Kwa hiyo nimeshachaguliwa. Kilichobaki ni taratibu.

Nimesoma makala aliyotutumia. Jambo lenyewe jepesi. Jeni ni kama hotuba ya mgeni rasmi: maagizo machache, na katikati maneno mengi yasiyo na kazi. Maneno hayo ndiyo introni. Seli inayakata, inaunga yaliyobaki, kazi inaendelea. Lakini hamira ina introni chache ambazo haizikati ovyo. Inasubiri mpaka ishikwe na njaa.

Nimenunua koti jeupe la mtumba. Mfukoni amedariziwa kuku mwekundu. Nitamfunika kwa mkono.

Jumanne, 8 Oktoba

Mpango umeiva. Nitaishindisha hamira na njaa, ikate introni, Dakta aikute tayari. Nimechukua kopo la hamira dukani kwa Yunusu (siku hizi duka limejaa makopo ya kila nchi), nikaikoroga na maji matupu kwenye chupa. Nikaandika NJAA kwa herufi kubwa.

Inahitaji joto. Nimeiweka jikoni kwa Bi Salima, mama mwenye nyumba wangu, anayepika vitumbua. Nilimwamkia vizuri, nikamwomba asiiguse wala asiipe kitu. Akaitazama chupa kwa huruma, akauliza imekosa nini. Nikamjibu ni sayansi. Akaisogeza karibu na jiko. Mama mwelewa sana.

Alhamisi, 10 Oktoba

Chupa inatoa povu! Povu jingi, mpaka kifuniko kimeinuka! Ni dalili gani nyingine mtu anataka? Introni zimekatwa.

Nimechora ramani yake kwenye karatasi ya manila. Jeni kwa bluu, introni kwa nyekundu. Saba. Karatasi ikabaki na nafasi, nikaongeza mbili.

Nikodemo ameuliza nimezionaje, wakati hadubini ya shule haina hata kioo. Wivu. Nimemwambia mambo mengine yanataka akili, si kioo. Akaazima kalamu akaondoka.

Jumamosi, 12 Oktoba

Dakta Stefania amefika, nikampokea sebuleni kwa Bi Salima, Nikodemo naye akiwapo. Mdogo kuliko nilivyodhani, halafu mpole, jambo ambalo limenichanganya. Nikafunua ramani. Akaitazama kitambo, akauliza nimeipataje. Nikasema kwa kutafakari. Akaeleza taratibu kwamba wao husoma jeni nzima, kisha husoma ujumbe uliotoka kwenye jeni hiyo, halafu hulinganisha. Kilichopungua ndicho introni. Nikasema mimi nimefupisha.

Nikaleta chupa. Akashangaa. Hamira yenye njaa, akasema, haitoi povu hivyo, hii imekula.

Nikaapa haijala. Ndipo Bi Salima akaingia na sinia la vitumbua vya mgeni, akaiona chupa mkononi mwangu, akafurahi kama amemwona mjukuu. Akasema mbele ya wote kwamba kila asubuhi na kila jioni alikuwa akiipa sukari na unga wa mchele.

Nilimuuliza kwa nini, na nilikuwa karibu kulia.

"Mwanangu," akasema, "kwangu hakuna anayelala na njaa. Hata kama ni hamira."

Nikapandwa na hasira, nikaitikisa chupa. Kifuniko kikaruka. Povu lote kwenye koti langu, na mkono ukaniponyoka pale mfukoni. Dakta akamtazama kuku. Akacheka mpaka akakaa.

Akamgeukia Nikodemo. Nikodemo akasema hajawahi kuiona introni, hajui inatafutwaje, angependa kuonyeshwa. Aibu gani hii, nikawaza, mtu kutangaza ujinga wake mbele ya mgeni!

Jumatatu, 14 Oktoba

Amechaguliwa Nikodemo.

Imeniuma. Jana sikula, na Bi Salima alinigongea mlango mara tatu na sahani. Mara ya tatu nikafungua.

Leo nimetafakari kwa utulivu. Kosa liko wazi: jiko. Ramani haikuwa na kasoro, njaa haikuwa na kasoro. Nikodemo alikuja kuomba koti la kwendea Dar. Nimemnyima. Nitalihitaji mwenyewe, maana Dakta atarudi mwakani kuchagua mwingine, na safari hii nina introni tisa tayari kwenye karatasi.

Nimehamishia chupa mpya kwa Mama Lusia, mpika maandazi wa mtaa wa pili. Mtu makini. Nimemweleza mara mbili kwamba isipewe chochote. Akaitikia kwa kichwa, akaikumbatia chupa kifuani. Kwa mkono wa pili alikuwa ameshika kopo la sukari. La chai, bila shaka.