Mwanzi wa Aviaaja

Jumanne, 7 Mei

Aviaaja,

Ufa wa barafu umekaribia mwanzi wako, ule ulioufunga glavu nyekundu ili nisipotee nikirudi kutoka kuvua. Bado nauona kwenye dirisha la jikoni. Kaka yako Qillaq anasema barafu yote inayoelea itakatika mwezi huu. Ana furaha mno kwa mtu anayeleta habari mbaya. Nina mpango. Nitaifunga ufa kwa ufa, kwa kamba ya ngozi ya sili. Usicheke.

Alhamisi, 9 Mei

Mbwa wameila kamba. Yote. Qillaq ameuliza kama sasa nitawafunga mbwa wenyewe, maana kamba imo tumboni mwao. Nimekunywa kahawa bila sukari. Sukari ulikuwa ukiweka wewe, ulipokuwa hai.

Jumapili, 12 Mei

Mpango bora zaidi. Nimeung'oa mwanzi, nikausimika nyuma kabisa, kwenye barafu iliyokalia mwamba. Ile haielei, itakwenda wapi? Nikipanda kigoda nauona, pembeni mwa pazia.

Pipaluk, mtoto wa Qillaq, yule anayepima barafu, alinionya taratibu. "Mjomba, hii inayoelea ndiyo inayoizuia hiyo ya nyuma. Imekwama kwenye kuta za ghuba, kama mtu aliyeegemea mlango. Akiondoka, walio nyuma watamiminika."

Nikamwambia kitu kinachoelea hakijizuii chenyewe, sembuse mlima.

Jumatano, 22 Mei

Imekatika asubuhi, nikianika soksi. Vikombe vilitetemeka kabatini. Qillaq alikuja na nyama kavu. Tulitazama mpaka chai ikapoa. Mwanzi wako umesimama. Nikamwambia nimeshinda. Akanimegea nyama.

Jumanne, 4 Juni

Mwanzi unatembea. Juzi ulikuwa pembeni mwa pazia, leo uko katikati ya kioo, unaelekea baharini. Pipaluk hakunikumbusha maneno yake. Alisema tu kwamba barafu ya nchi kavu sasa inateremka upesi, na hiyo ndiyo inayoongeza maji ya bahari.

Wewe nawe ulikaa kimya humu ndani miaka yote. Nikadhani umekaa tu, kumbe ulikuwa umeegemea mlango.

Kesho nausogeza nyuma zaidi. Huko mteremko hautafika, nina hakika. Qillaq ananiita kichwa cha nyangumi, lakini ataleta mbwa wake, na kamba ya nailoni.

Mwanzi ukinishinda, Aviaaja, wewe unikumbuke tu.