Mstari wa Daktari wa Meno

Jumatatu, 4 Machi

Leo limeingia gari gerejini kwetu. Si gari lile, ni bibi harusi! La michezo, milango miwili, jeupe pee, na mstari wa kijani unaoanzia puani, ukapanda boneti na paa, ukashukia kwenye buti. Mstari wa kiwandani, si wa kubandika. Mwenyewe ni daktari wa meno, kalirithi kwa marehemu baba yake. Geti la nyumbani kwake limeliangukia, rangi imechubuka, mstari umekatika kwenye boneti kama hadithi ya mlevi.

Shemeji, kaka wa mke wangu na kwa bahati mbaya pia bosi wangu, katangaza mbele ya wote: atakayelitoa gari hili safi ndiye atakayekabidhiwa ufunguo wa chumba cha rangi. Ukuu wa mafundi, yaani! Wa kuutamani tuko wawili tu. Mimi, niliyepaka rangi magari ya mabalozi (balozi mmoja, lakini alikuwa nayo mawili). Na Chujio. Tunamwita hivyo kwa sababu huchuja rangi utadhani anamchujia mtoto uji. Bomba la kupulizia, mimi ndiye niliyemfundisha kulishika. Leo anataka ufunguo wangu. Binadamu!

Jumanne, 5 Machi

Kazi nimepewa mimi! Sifichi: Mama Watoto kamwendea kaka yake kunililia hali. Chujio alikuwa amesema yeye angegusa palipochubuka tu. Nikamwambia fundi wa viraka akashone suruali. Watu wakacheka. Na yeye akacheka, mnafiki yule.

Mchana nimeukagua mstari. Mungu wangu! Hauko katikati! Umeegemea wote upande wa dereva. Nikapima kwa kamba nipate uhakika. Nikapima tena kwa mkanda wa suruali. Vilevile. Kiwanda kizima, wasomi wenye makoti meupe, na hakuna aliyeona! Miaka yote hii gari linatembea na tai imekwenda upande, linasubiri jicho langu.

Jumatano, 6 Machi

Nimeamua. Naufuta wote, nauhamishia katikati. Zawadi kwa daktari. Mtu anayeishi kwa kunyoosha meno ya watu ataachaje kufurahi?

Nimetundika turubai, Chujio asije akaniibia ujuzi. Kachungulia hivyohivyo. Kaka, kauliza, mwenyewe umemuuliza? Nikamjibu kwamba daktari naye hamuulizi mgonjwa jino likaeje. Basi angalau umepiga picha kabla ya kuufuta? Nikamwambia picha ninayo kichwani. Akasema humo mbona giza. Wivu mtupu!

Hata hivyo barakoa yake imekatika mpira, nikampa yangu. Vumbi la msasa si la kumwombea hata adui. Nimekohoa mpaka machozi. Mkono umeniuma, paani nimepitisha msasa juujuu tu. Nani anatazama paa?

Alhamisi, 7 Machi

Nimepuliza. Kijani nimekichanganya kwa jicho, juani, kama tulivyokuwa tukifanya sisi watu wa zamani. Mstari umekaa katikati kama pua usoni. Mama Watoto kaleta chakula, kasimama akautazama weee, kisha kasema, “Baba Watoto, hapa umeweza.” Sikumbuki mara ya mwisho kuambiwa hivyo nyumbani kwangu. Nimeshapigilia msumari wa kutundikia ufunguo.

Ijumaa, 8 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Daktari kaja. Kalizunguka gari. Nikamwambia nimemrekebishia na kosa la kiwanda, bure kabisa. Akafungua mlango, akaketi, akashika usukani, akatazama mbele. Akaniuliza kwa sauti ndogo mstari uko wapi. Nikamwonyesha. Akasema hapana, ulikuwa hapa, mbele yangu. Baba yake aliuagiza hivyo kiwandani makusudi, uelekeane na usukani. Alikuwa akimpakata pale utotoni, anamwambia, “Fuata mstari, mwanangu.” Ndivyo alivyojifunza kuendesha. Kila akiketi pale alikuwa akimsikia mzee wake. Sasa mbele yake ni weupe tu.

Angetukana ningejua la kufanya. Hakutukana. Alilia. Na mimi nikalia, watu wazima wawili tunapokezana kitambaa cha kufutia vioo. Lakini moyoni nikasema: hata hivyo, ulikuwa upande.

Shemeji hakunitazama. Kaurusha ufunguo, Chujio kaudaka. Kisha Chujio akapanda ngazi, akapitisha ukucha paani polepole, akatabasamu. Chini ya rangi yangu ukingo wa mstari wa zamani bado upo, unashikika. Ataufuata huo mpaka puani, aurudishe ulipokuwa. Kumbe ningepiga msasa vizuri ungepotea moja kwa moja! Kwa maneno mengine, gari limeokolewa na mimi. Nimewaeleza. Hakuna aliyenisikiliza. Nyumbani Mama Watoto kaniwekea chakula, kaenda kula kwa jirani.

Alhamisi, 14 Machi

Gari limeondoka. Daktari kaketi, katazama mbele, kacheka kama mtoto. Kamshika Chujio mkono. Na mimi kanishika, huku anavitazama viatu vyangu.

Nimehamishiwa kwenye kuosha magari. Ndoo, sabuni, tambara. Msumari wangu bado uko ukutani, nautundikia kofia. Chujio bado ananiita Kaka, tena kwa heshima, na hilo ndilo linaloniunguza. Mama Watoto kauliza nimejifunza nini. Nikamwambia: watu hawajui kupokea zawadi.

Ijumaa, 15 Machi

Wote wameenda kula. Nimebaki mimi na gari la wagonjwa lililoletwa kuoshwa. Naosha upande wa mbele, naangalia, siamini macho yangu. Maandishi ya kwenye boneti yamegeuzwa yote, kama yanayosomwa kwenye kioo! Gari la hospitali nzima, linakimbia barabarani na ving'ora, madereva wote wa mbele wanalitazama kwenye vioo vyao, na hakuna aliyeona!

Ufunguo anao Chujio. Lakini dirisha la chumba cha rangi halifungi vizuri. Najua, kwa sababu nililiweka mimi. Thina ya kufutia rangi ninayo mkononi. Wakirudi watakuta maandishi yameshanyooka.